Nyaya Zikibanana

Fundi umeme yeyote aliyepita chuo anajua kwa kichwa kwamba waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, wenye ganda la PVC, ukipitishwa ndani ya bomba au trankingi (boksi refu la kupitishia nyaya) ukutani, unabeba ampea 24. Wa 4 unabeba 32, wa 6 unabeba 41, wa 10 unabeba 57. Namba hizi zimo kwenye majedwali ya BS 7671, kanuni za Waingereza ambazo mafundi wengi wa Tanzania na Kenya tumelelewa nazo, na ndizo atakazokutajia muuza vifaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, ukimuuliza waya gani unafaa kiyoyozi chako. Mimi nilizikariri Chang'ombe, pale chuo cha ufundi cha VETA, kabla sijajua hata kuvua ganda bila kuikwaruza shaba.

Ambacho hatukukikariri kwa bidii ileile ni masharti yanayoambatana na jedwali. Namba hizo ni za sakiti moja, iliyo peke yake, hewa inayoizunguka ikiwa na nyuzijoto 30. Sasa nitajie jengo la biashara hapa mjini ambalo sakiti imelala peke yake. Halafu nitajie dakti ya ngazini, ule mwanya wa kupandishia nyaya, yenye nyuzijoto 30 mwezi wa Februari, saa nane mchana, wakati kivulini kwenyewe ni 32 au 33.

Umeme ukipita ndani ya shaba unakutana na ukinzani, na ukinzani unazaa joto. Joto hilo linapanda kwa mraba wa mkondo: ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Waya ukiwa na nafasi yake ukutani, joto linatoka na kupotelea hewani, mpaka ifike mahali linalozaliwa na linalotoka vinalingana. Hapo waya unatulia. Ile 57 ya waya wa 10 haina siri nyingine. Ni mkondo utakaoipandisha shaba hadi nyuzijoto 70 na kuiacha hapo, hewa ya nje ikiwa 30. Sabini ndiyo kikomo cha PVC ya kawaida kwa kazi ya kila siku. Lakini uzungushie waya huo wenzake walio na joto kama lake, ndani ya boksi la chuma lenye kifuniko, na joto la ule wa katikati halina pa kwenda. Utapita 70 huku ukibeba ampea zilezile ambazo jedwali lilisema ni salama. Ile methali ya umoja ni nguvu haikutungwa na fundi umeme.

Ndiyo maana kanuni zinataka upunguze. Sakiti mbili zikilala pamoja, kila moja inabaki na asilimia 80 ya uwezo wake. Tatu, asilimia 70. Nne, 65. Sita, 57. Zikifika tisa ni nusu kamili, kumi na mbili ni 45, ishirini ni 38. Baada ya hapo unazidisha tena kwa kipunguzo cha joto la mahali: kwa ganda la PVC ni 0.94 hewa ikiwa nyuzijoto 35, ni 0.87 ikiwa 40, ni 0.79 ikiwa 45. Hakuna hesabu ngumu hapo. Mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Waya wa 2.5 wenye ampea 24, ukiwa ndani ya trankingi yenye sakiti tisa na hewa ya nyuzijoto 40, unabaki na 24 mara 0.50 mara 0.87, yaani ampea 10 na ushee. Na breka iliyokaa mbele yake, ukifungua mlango wa DB (boksi la breka), mara nyingi imeandikwa 20.

Wamarekani wanahesabu kwa namna yao. Kanuni zao za NEC, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 1897, hazihesabu sakiti. Zinahesabu waya mmoja mmoja unaobeba mkondo. Mpaka waya tatu hakuna kupunguza. Nne hadi sita, asilimia 80. Saba hadi tisa, 70. Kumi hadi ishirini, 50. Ukichukua sakiti zetu tisa za fezi moja, kila moja ina waya wa moto na wa nyutro, jumla 18, kwa hiyo nao wanakuambia nusu. Waingereza na Wamarekani hawakubaliani hata rangi ya waya wa moto, lakini hapo wamekutana. Fundi akikuambia vipunguzo ni ushamba wa vitabu vya mkoloni, mtajie hilo.

Nitaeleza jengo moja, kwa sababu mambo haya yakibaki kwenye majedwali yanasinzisha.

Ni la ghorofa nne, Kariakoo, mtaa nisioutaja. Mwenye nyumba, mzee mmoja, aliniita kwa sababu mpangaji wa ghorofa ya pili alilalamika ukuta wa ngazini una joto. Si ukuta uliokuwa na joto. Ilikuwa trankingi ya chuma iliyopanda kutoka chini, walipopanga mita za LUKU (za kulipia umeme kabla ya kuutumia), hadi ghorofa ya juu, ndani ya dakti iliyozibwa kwa ubao na kupakwa rangi ya ukuta ili isiharibu sura. Nilipotoa ubao niliweka kiganja kwenye kifuniko cha trankingi, na sikuweza kukiacha pale. Kipimajoto nilichokining'iniza kwenye hewa ya dakti kilisimama kwenye 40.

Kabla ya kulaumu mtu niliomba mchoro wa awali, na mzee, tofauti na wengi, alikuwa ameutunza. Mhandisi hakukosea hata kidogo. Alipanga mpangaji mmoja kwa kila ghorofa, sakiti nne kwenye trankingi moja, waya wa 10, breka ya 32. Piga hesabu: 57 mara 0.65 mara 0.87 unapata 32 na nukta kidogo. Ilikaa sawasawa kabisa, kazi ya mtu aliyejua anachofanya, na ambaye alijua pia dakti ya Dar es Salaam ina joto gani.

Halafu maisha yakaendelea. Kodi ya ghorofa nzima ikawa ngumu kupata, mzee akakata kila ghorofa vyumba vitatu. Kila mpangaji alitaka LUKU yake, na nani asingetaka? Hakuna anayependa kugombania tokeni na jirani mwenye friza mbili. Mita zote zilikaa chini, kwenye ukuta uleule, na kila mpya alileta fundi wake, na kila fundi alipandisha waya wake kwenye trankingi ileile kwa sababu njia ilikuwepo tayari. Wapangaji wanne wakawa kumi na wawili.

Ninalotaka msomaji alione ni hili: hakuna fundi kati ya hao aliyefanya kazi mbaya ukimtazama yeye peke yake. Niliwakagua. Waya wa 10, shaba nzuri, breka ya 40. Hamsini na saba ni zaidi ya arobaini, kazi imekwisha, fundi kalipwa kaondoka. Lakini kila aliyekuja alipunguza uwezo wa wote waliomtangulia, na wala hakuna aliyeambiwa. Sakiti kumi na mbili ni 0.45. Hamsini na saba mara 0.45 mara 0.87 ni ampea 22. Yule mpangaji wa kwanza, aliyefungiwa umeme wake kwa hesabu ya 32, alinyang'anywa ampea kumi bila mtu kugusa waya wake.

Watu wote huuliza swali moja hapo, na mzee naye aliliuliza. Nilikuwa nimemwamkia, akaitikia, akavuta kiti.

"Sasa fundi, kama nyaya zinaungua, mbona breka hazikati?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, breka inahesabu ampea zinazopita ndani yake. Joto la waya kule juu haina habari nalo."

Hiyo ndiyo pointi ambayo ningependa kila mwenye jengo aielewe kuliko nyingine yoyote. Breka ndogo za kawaida zimetengenezwa kwa kiwango kinachosema: mkondo ukiwa mara 1.13 ya namba yake isikate ndani ya saa nzima, ukifika mara 1.45 lazima ikate ndani ya saa hiyo. Breka ya 40 basi inaruhusu ampea 45 zipite muda wote bila kushtuka, na ni kwenye 58 ndipo inalazimika kukata, tena baada ya kujishauri. Waya wetu umebaki na 22. Kati ya 22 na 45 hakuna mlinzi. Hakuna kitakachokata, hakuna taa itakayozima, LUKU itaendelea kuhesabu yuniti zake, na mpangaji atasema umeme wa jengo hili hauna tatizo.

Tuseme wote kumi na wawili wanavuta ampea 30. Kwa waya wa 10, kila sakiti inamwaga karibu wati 4 za joto kwenye kila mita. Kumi na mbili ni wati 48 kwa mita. Trankingi ya mita 15 kutoka chini hadi juu inabeba zaidi ya wati 700, sawa na kuwasha jiko dogo la umeme na kulifungia ndani ya ukuta wa ngazi, siku nzima. Ukipiga hesabu ya joto kwa kanuni ya mraba, katikati ya fungu shaba inafika kwenye nyuzijoto 94 hivi. Wahandisi wana makisio yao ya haraka: kila nyuzi 10 juu ya kikomo, umri wa ganda unapungua kwa nusu hivi. Waya uliotarajiwa kukaa miaka 25, ukipikwa kwenye 94 usiku na mchana, umri wake ni kama mitano. Bahati yetu ni kwamba usiku maduka yanafungwa na trankingi inapoa.

PVC haiungui ghafla. Inakauka kwanza. Vilainishi vilivyochanganywa ndani yake ili ipindike vinatoka taratibu, ganda linakuwa gumu, rangi inageuka kahawia, mwisho ukilipinda linapasuka. Likizidi kupashwa linatoa gesi ya asidi inayokula vyuma vilivyo karibu. Na uharibifu huu hauanzi kuonekana katikati ya trankingi. Unauona kwanza kwenye maungio, pale waya unapoingia kwenye breka, kwa sababu skrubu isiyokazwa vizuri inaongeza joto lake juu ya joto lililoletwa na shaba. Fundi anabadilisha breka iliyoungua, anakaza, anaondoka. Miezi michache baadaye anaitwa tena kwa kazi ileile. Ukiona DB inayokula breka, tazama trankingi inakotoka.

Siku ile nilipima kwa klampu mita kila waya, saa nane mchana. Mmoja ulikuwa na ampea 8, mwingine 34, wengi kwenye ishirini na kitu. Wa 8 ulikuwa wa duka la vitambaa, ambalo halivuti kitu kikubwa, taa za LED na feni tu. Saluni ya ghorofa ya tatu ndiyo iliyokuwa na 34: viyoyozi viwili, mashine za kukaushia nywele za wati elfu mbili kila moja, na hita ya maji. Mwenye saluni alinitazama kwa wasiwasi nikiwa na mita.

"Fundi, usije ukasema ni mimi ninayeunguza jengo."

"Hapana dada yangu. Waya wako uliachiwa ampea 22, na hakuna aliyekuambia."

Tofauti hiyo ya 8 na 34 ina maana, na hapa niwe mkweli kwa upande wa pili pia, maana nimewaona mafundi vijana wakishajua jedwali la vipunguzo wanageuka kuwa wakali na kutaka kubadili shaba yote ya jengo. Vipunguzo vimepigwa kwa kudhani nyaya zote za kwenye fungu zinabeba mzigo kamili kwa wakati mmoja. Kanuni yenyewe inaruhusu kutoihesabu sakiti ambayo mzigo wake hauzidi asilimia 30 ya uwezo wake uliokwisha kupunguzwa. Kwenye fungu la tisa la waya wa 2.5, uwezo uliopunguzwa ni 12, asilimia 30 yake ni ampea 3.6. Sakiti za taa za LED zinazovuta ampea moja au mbili zinaweza kutolewa kwenye hesabu ya wengine. Ofisi yenye sakiti tisa, ambapo tano ni taa, ina fungu la sakiti nne tu kwa maana ya joto. Hilo linaokoa pesa nyingi na ni halali kabisa.

Lakini usinitolee hoja ya kwamba "si wote wanawasha pamoja" kwenye jengo la viyoyozi. Viyoyozi vyote vya Dar es Salaam vinawashwa pamoja, saa ileile, kwa sababu ileile. Jua likiwa kali ndipo vinavuta mfululizo bila kupumzika, na ndipo dakti nayo ina joto kubwa kuliko saa zote. Majedwali yaliandikwa na watu ambao kwao baridi ndiyo inayowasha mitambo, na hita zao zinapofanya kazi hewa ya nje inasaidia kupoza. Kwetu mambo mawili mabaya yamepangiwa saa moja.

Kuna mtego mwingine ambao haumo kwenye kumbukumbu za mafundi wengi: kuchanganya saizi. Namba za kwenye jedwali zinafaa nyaya zilizokaribiana ukubwa, saizi tatu zinazofuatana, kwa mfano 4, 6 na 10. Ukilaza waya wa taa wa 1.5 katikati ya nyaya za 25 zinazolisha lifti, ule mdogo unaumia zaidi ya jedwali linavyosema. Kwa mafungu ya namna hiyo viwango vya kimataifa vya IEC vinatoa njia rahisi ya kukaa upande salama: gawanya moja kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sakiti. Kwa tisa unapata theluthi moja, badala ya nusu. Jawabu langu ni rahisi zaidi, usizichanganye. Nyaya za taa zipewe njia yake.

Na trankingi kutojaa haimaanishi kitu. Kuna kanuni nyingine, ya nafasi, inayotaka nyaya zisizidi asilimia 45 ya eneo la ndani ya trankingi. Ile ni kwa ajili ya kuvuta nyaya bila kuzichubua. Trankingi ya milimita 50 kwa 50 kwa kanuni hiyo inaweza kupokea zaidi ya nyaya 70 za 2.5. Hizo ni sakiti zaidi ya ishirini ukihesabu moto, nyutro na ethi. Mkaguzi akifungua kifuniko ataona nusu ni wazi, atafurahi. Lakini waya mmoja mmoja wa 2.5 humo ndani, hata kabla ya kuhesabu joto la Dar, umebaki na ampea 9.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi wenzangu. Kazi yetu siku hizi inapimwa kwa picha. Fundi anamaliza DB au ngazi ya kebo, nyaya zimefungwa fungu moja la mviringo kwa tai za plastiki kila sentimita kumi, zimenyooka utadhani zimechorwa kwa rula, anapiga picha anaweka kwenye kundi la WhatsApp na wote tunamsifu. Fungu la mviringo lililokazwa ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kulaza nyaya zenye mzigo. Kebo tisa zilizofungwa pamoja zinabaki na asilimia 50. Zilezile tisa, zikipangwa ukutani kwa safu moja zikigusana tu, zinabaki na 70. Ukiacha kati yao nafasi ya unene wa kebo moja, 90. Zikiachana zaidi ya mara mbili ya unene wake, hupunguzi kitu. Shaba ni ileile, bei ni ileile, zimebadilika klipu tu. Tai za plastiki ni nzuri kwa nyaya za simu na kamera. Kwenye nyaya za viyoyozi ziwe legevu na chache.

Nyutro nayo ina kisa chake, nitakigusa tu. Kwenye umeme wa fezi tatu tulifundishwa kwamba mzigo ukilingana nyutro haibebi kitu, kwa hiyo haihesabiwi. Ilikuwa kweli zama za balbu na mota. Kompyuta, taa za LED na chaja zinavuta mkondo kwa vipande vipande, na sehemu ya mkondo huo, ile inayoitwa hamoniki ya tatu, haifutani kwenye nyutro bali inajumlishana. Ikifika theluthi moja ya mkondo wa fezi, nyutro inabeba sawa na fezi yenyewe. Ofisi yenye kompyuta nyingi ina nyaya nne zinazobeba mkondo kwenye kebo iliyopimwa kwa tatu, na kanuni zinataka uzidishe tena kwa 0.86. Nimekuta majengo ambayo nyutro ndiyo iliyobadilika rangi, fezi zote tatu bado nyekundu, njano na buluu safi.

Mpangaji asiye fundi anaweza kuona nini? Kifuniko cha trankingi kilicho na joto la kushikika saa za mchana. Harufu inayofanana na samaki karibu na DB, ambayo huja plastiki ya vifaa inapopata joto kupita kiasi. Soketi iliyogeuka rangi ya chai. Akiona mojawapo, asifungue. Aite fundi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, au kwa Kenya ya EPRA, na amwombe apime kwa klampu mita saa ambazo biashara inachanganya. Kipimo cha saa mbili asubuhi hakisemi chochote. Kamera ya joto inasaidia, ila ikumbukwe inaona ngozi ya fungu. Katikati pana joto zaidi ya inavyoonyesha.

Turudi kwa mzee. Alitaka kusikia kwamba tuongeze unene wa waya wote, kwa sababu ni jibu linaloeleweka dukani, na fundi wa kwanza aliyemwita alikuwa amempa hesabu ya waya wa 25 kwa wapangaji wote kumi na wawili. Ile ingetibu, maana wa 25 unabeba 101, na hata ukipunguza kwa 0.45 na 0.87 unabaki karibu na 40. Ni shaba nyingi mno kwa tatizo la hewa.

Kama jengo lingekuwa linaanza leo ningemshauri apandishe kebo moja nene hadi kila ghorofa na kuweka mita na DB hukohuko juu. Kebo nne nene zilizoachana hazina ugomvi, na nyaya za wapangaji zinakuwa fupi. Nadhani hapo ndipo wasanifu wetu wanatakiwa kuanzia: kumwachia fundi umeme chumba kidogo kila ghorofa, badala ya kumpa dakti ya upana wa kiganja nyuma ya choo. Lakini kuhamisha mita ni maombi, foleni na gharama, na mzee alikuwa na wapangaji ndani.

Tulichofanya ni kutoa sakiti nane kwenye trankingi ya zamani na kuzigawa kwenye mbili mpya, nne kwa nne, tukaziachanisha ukutani ili zisipashane joto, na ubao uliopakwa rangi ukatolewa, pakawekwa mlango wa wavu. Sakiti nne ni 0.65, tukarudi kwenye 32 ya yule mhandisi. Breka zote za 40 zikatoka, zikaingia za 32. Nyaya ambazo ganda lake lilikuwa limeanza kukakamaa tulizibadilisha. Zilizobaki bado zilipindika vizuri. Saluni ndiyo iliyohitaji zaidi ya 32, ikavutiwa waya wa 16: ampea 76 mara 0.65 mara 0.87 ni 43, breka ya 40 inakaa bila shida.

Wakabishana nani alipe waya wa saluni. Mzee alisema ni mzigo wa mpangaji, dada akasema alikodi chumba chenye umeme. Wakagawana nusu kwa nusu mbele yangu, nami nikabandika ndani ya vifuniko vya trankingi zote tatu karatasi iliyofunikwa kwa plastiki: sakiti nne, waya wa 10, ampea 32 (wa saluni 16, ampea 40), tarehe, na chini yake kwa herufi kubwa, usiongeze waya humu kabla ya kumwona mwenye nyumba.

Mzee akauliza kama mpangaji wa kumi na tatu anaweza kupatikana bado. Nikamwambia anaweza, kwa trankingi ya nne.